Faili zako zinalala wapi?

Tangu tulipofanya kile kipindi cha watu wanaofanya kazi za kompyuta, swali moja linarudi kila wiki kwenye meseji: faili za kazi niziweke kwenye wingu, au nizisawazishe mwenyewe baina ya mashine zangu? Wengi wanaouliza ni nyinyi mlioanza kazi juzijuzi. Mnaandika programu, mna laptopu ya ofisini na nyengine ya nyumbani, na pengine kuna ndugu au rafiki Dar au Mombasa ambaye mna mradi naye wa pembeni. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Haya, leo nakaa niliandike jibu lote, manake si jibu la mstari mmoja, na kwangu mie halikuwa swali la mashine tu.

Kwanza tuelewane maneno. Kusawazisha faili, ofisini tunasema tu kusinki, ni kuhakikisha foda ileile iliyopo kwenye mashine mbili au zaidi ina vitu vilevile. Ukibadilisha huku, na kule kunabadilika. Kwenye wingu, katikati pana kompyuta ya kampuni: wewe unapandisha, mwenzako anashusha. Bila wingu, mashine zenyewe zinazungumza moja kwa moja, ziwe kwenye waifai moja au ziwe kwenye mabara mawili. Ndo hivyo tu. Yaliyobaki ni nani anashika ufunguo, nani analipa, na inakuwaje siku njia ikikatika.

Sisi watatu

Mie nipo Bur Dubai, nyuma ya Barabara ya Mankhool, mtaa uleule niliokulia. Mtoto wa khalati yangu yuko Fuoni, Unguja. Rafiki yetu wa tatu yuko Mombasa. Kwa miaka mitatu sasa tunatengeneza programu ya maduka ya dawa: inahesabu stoo, inakumbusha dawa zinazokaribia kuisha muda wake, inatoa risiti. Si kampuni kubwa. Lakini yako maduka yanayotutegemea, na mtoto wa khalati yangu anasomesha wadogo zake wawili kwa hela hiyo.

Mwanzo tulikuwa tunatumia huduma ya wingu aliyotufungulia mteja wetu wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa analipa. Mwaka jana akatwambia mkataba unakwisha Novemba na akaunti itafungwa. Tukawa na miezi miwili ya kuamua faili zihamie wapi, na hapo ndo maneno yalipoanza. Mwenzetu wa Mombasa akataka wingu jengine, tena kubwa zaidi: lipa, sahau, fanya kazi. Mtoto wa khalati akakataa. Akaniletea ujumbe wa sauti, manake huku simu za WhatsApp hazipigiki: "Dada, nyinyi mnaosema lipa usahau, hamnunui bando."

Mie ndo mkubwa wao. Kwa hiyo wote wawili wakawa wananingoja mie niseme neno.

Wingu lina anuani

Neno wingu linatuchanganya. Linatupa picha ya kitu kilicho juu, kila mahali, hakina mwenyewe. Wingu lina anuani. Lina mwenye nyumba, lina bili ya umeme, lina mashine za kupoza hewa zinazounguruma mchana na usiku. Microsoft ilifungua vituo vyake Dubai na Abu Dhabi mwaka 2019. Amazon ilifungua Bahrain mwaka huohuo, halafu hapa Emirati Agosti 2022. Kwa upande wa Afrika ipo Cape Town tangu 2020. Lakini huduma nyingi za kawaida za kuweka faili hazikuulizi unataka zikae nyumba ipi. Unaweza ukawa umekaa Bur Dubai, mwenzako Fuoni, na foda yenu inalala Ulaya au Marekani.

Na njia ya kufika huko ni waya uliolala chini ya bahari. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS uliunganisha Mombasa na Fujairah, ule upande wa pili wa nchi hii hii ninayokaa. Mkongo wa Seacom nao ukafika Afrika Mashariki mwaka huo, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo pwani yetu ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Mie huupenda ule wa TEAMS, manake njia yake haiko mbali na njia ya majahazi: Ghuba, Oman, kisha kushuka mpaka Mombasa. Wazee wetu walikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi. Faili zetu zinakwenda kwa mwanga, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 5,000 ni sehemu 25 tu za elfu moja ya sekunde. Hujafumba hata jicho.

Ila waya hukatika. Sie tuliokuwepo huku mwishoni mwa Januari 2008 tunakumbuka: mikongo miwili ilikatika karibu na Alexandria, Misri, na siku mbili baadaye ukakatika ule wa FALCON baina ya Dubai na Oman. Mafundi walipoenda kuutengeneza walikuta nanga iliyoachwa chini ya bahari. Mei 2024 Seacom na EASSy ziliharibika siku moja, na Tanzania ikaumia khasa. Septemba 2025 mikongo ikakatika Bahari ya Shamu karibu na Jeddah, na hapa Emirati kila kitu kikawa kinajikokota. Hiyo ndo ilikuwa wiki ya mwanzo ya ubishi wetu. Mwenzetu wa Mombasa alikuwa ananihubiria uzuri wa wingu, na picha aliyonitumia kunithibitishia ikawa inazunguka tu kwenye skrini yangu, haifunguki.

Hesabu ya bando

Twende kwenye hesabu, manake humu ndo ulimokuwa ugomvi wenyewe. Foda yetu ina kama gigabaiti 40: picha za dawa, video za kuwafundisha wauzaji, nakala za hifadhidata za kujaribia. Mashine mpya ikiingia kazini, lazima ishushe zote.

Kwa mashine mbili zilizomo nyumba moja, kwenye waya wa gigabiti moja kwa sekunde, ni dakika sita hivi. Kwa intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde, ni karibu saa nzima. Kwa simu inayotoa megabiti 5, ni saa kama 18 mfululizo, umeme usikatike na bando lisiishe. Tena hizo gigabaiti kwangu mie zimeshalipiwa za mwezi mzima, nitumie nisitumie. Kwake yeye kila gigabaiti ina bei.

Kwa hiyo chombo kimoja, usajili mmoja, na kwetu watatu si kitu kimoja. Huku kinanipa raha. Kule kinamwamsha mtu saa nane usiku kuwahi bando la usiku, na mchana kinamnyamazisha, kwa sababu wenzake wanazungumza juu ya faili ambalo halijamfikia. Nilikuwa nimeshaona kwamba kijana amekuwa mkimya kwenye vikao vyetu. Mwenzetu wa Mombasa akidhani amechoka na mradi, na akanigusia kwamba labda tutafute mtu mwengine. Hakuchoka. Alikuwa anabana megabaiti.

Hapo nikajua ninaamua kitu gani. Sikuwa nachagua programu. Nilikuwa nachagua nani ataweza kubaki mezani.

Msimbo una njia yake

Kabla hatujaenda mbali: kama kazi yako ni kuandika programu, msimbo wenyewe (wengine mnasema "kodi", lakini huku Bur Dubai kodi ni ya nyumba na haina mzaha) usiutie kwenye foda ya kusawazisha kabisa. Una chombo chake, Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Uzuri wa Git ni kwamba kila mwenye nakala ana historia nzima ndani ya mashine yake. Unaandika, unaweka alama kila hatua, unarudi nyuma ukikosea, yote bila intaneti. Intaneti ikija, inapeleka yale mapya tu, tena yakiwa yamebanwa. Kazi ya siku nzima inaweza isifike hata megabaiti moja.

Ukiichukua foda ya Git ukaitumbukiza ndani ya foda inayosawazishwa, unatafuta balaa. Ndani yake mna faili ndogondogo nyingi zinazotakiwa kubadilika kwa pamoja, kama vitabu vya duka: ukiandika kwenye daftari la mauzo na la stoo hujaligusa, huna hesabu. Programu ya kusawazisha haijui hayo. Inabeba faili moja moja kwa zamu, na watu wawili mkiandika kwa wakati mmoja mnaweza kuishia na historia iliyochanika.

Vilevile foda za vifurushi, kama ile ya node_modules kwa wanaoandika JavaScript. Humo mna maelfu kwa maelfu ya vifaili, na baadhi yake vimetengenezwa kwa aina fulani ya kompyuta tu, ukivihamishia nyengine havifanyi kazi. Hivyo unaviacha nje. Unabeba orodha ya vifurushi, na kila mashine inajijengea vyake.

Kilichobaki kwenye ugomvi ni vile vizito ambavyo Git haivipendi: picha, video, hifadhidata za kujaribia, na lahajedwali za bei.

Mashine juu ya kabati

Kusawazisha bila wingu si jambo la jana. Programu ya rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na mpaka leo watu wanaitumia: inalinganisha faili la huku na la kule, halafu inapeleka vile vipande vilivyobadilika tu. Dropbox ilipoanzishwa 2007, kilichowavutia watu kilikuwa urahisi: foda moja, huandiki amri yoyote. Kisha 2013 ikaja Syncthing, programu huria na ya bure, inayoleta urahisi uleule bila ya kampuni kushika faili zako katikati. Kila mashine ina kitambulisho chake kirefu. Mnapeana vitambulisho, mnakubaliana foda zipi, na njiani kila kitu kimefungwa kwa siri. Mkiwa kwenye waifai moja, faili zinaweza kwenda moja kwa moja bila kutoka nje ya nyumba.

Ina sharti moja ambalo watu hawalisikii mpaka liwakute: mashine mbili lazima ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Hapana mtu katikati wa kushika mzigo. Mie nafunga laptopu saa tano usiku, mtoto wa khalati anafungua saa nane. Hatukutani. Tunakuwa kama abra mbili za Khor Dubai, moja inatoka Deira na moja inatoka huku kwetu, zinapishana katikati ya maji na hazipeani kitu.

Dawa yake ni mashine ndogo isiyolala. Nikashuka mpaka Mtaa wa Kompyuta, kule Al Ain Centre na majengo ya jirani, ambako babaangu alininunulia kompyuta yangu ya mwanzo. Maduka bado yamebanana, na bado unaulizwa una kiasi gani mkononi kabla hujasema unataka nini. Nikatoka na kompyuta ndogo iliyokwishatumika, ukubwa wa kitabu, na diski ya terabaiti mbili. Nikaiweka juu ya kabati, karibu na ruta. Hiyo ikawa mpokezi wetu: inapokea kwa aliyewaka sahivi, inampa atakayewaka baadaye. Na mtoto wa khalati akawa anachagua foda anazozihitaji tu. Video za mafunzo hazitaki, kwani yeye ndiye aliyezirekodi.

Mwenzetu wa Mombasa akacheka. "Sasa hilo si wingu tu, umelishusha sebuleni?"

Kweli, ni kawingu kadogo. Tofauti yake ni nani ana ufunguo.

Siku zile za Oktoba

Tukiwa bado tunajaribu, ikafika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mamaangu akawa anapiga simu ya kawaida kwa dada yake kila baada ya sala, mara inaingia, mara haiingii. Kazi hatukuifikiria hata kidogo.

Intaneti iliporudi, ujumbe wa mwanzo wa mtoto wa khalati ulikuwa kwa mamaangu: "Khalati, sote wazima." Wa pili ulikuja kwa Git: hatua 11 za kazi, zimeandikwa moja moja, kila moja na maelezo yake. Siku zote zile alikuwa ndani, na mashine yake ilikuwa na kila kitu, basi akakaa akafanya kazi. Nilizisoma zile hatua 11 kama mtu anayesoma barua. Ya tatu ilikuwa na maelezo haya tu: "nimerekebisha risiti, umeme umerudi".

Na faili moja likagongana. Lahajedwali la bei za dawa: yeye amelibadilisha Fuoni, mwenzetu amelibadilisha Mombasa, siku zilezile. Syncthing ikaliacha na jina lake lile lililobadilishwa mwisho, na lile jengine ikaliweka pembeni kwa jina lenye alama ya mgongano. Lakini kubadilishwa mwisho si kuwa sahihi. Ilibidi watu wawili wakae, mstari kwa mstari, waulizane bei hii umeipata kwa msambazaji yupi na lini. Duka likiuza kwa bei ya zamani, hasara ni ya mwenye duka. Hapana chombo, cha wingu wala cha nyumbani, kitakachokusuluhishia hilo. Tangu siku ile kila lahajedwali lina mwenyewe mmoja anayeandika, wengine wanasoma. Hili halihitaji programu yoyote, ni makubaliano tu.

Mwenzetu wa Mombasa, baada ya hapo, hakulirudia tena lile neno la kutafuta mtu mwengine.

Karatasi moja si karatasi

Kuna kitu kimoja ningependa mkishike hata kama mengine yote mtayasahau: kusawazisha si kuweka akiba. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, kijana wa mafunzo alifuta foda akidhani ni nakala yake peke yake. Kwa dakika chache ikafutika kwenye mashine za watu wote. Chombo hakikukosea. Kiliambiwa mashine zifanane, zikafanana. Kilichowaokoa ni diski ya zamani iliyosahauliwa kwenye droo ya mhasibu. Huduma nyingi za wingu hukuwekea vitu vilivyofutwa kwa muda fulani, na Syncthing nayo unaweza kuiambia iweke matoleo ya nyuma. Lakini ukifutwa kimakosa leo na ukagundua baada ya miezi sita, muda huo umeshapita.

Mafundi wana kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine kabisa. Mamaangu hajawahi kuisikia, lakini anaitekeleza tangu mie sijazaliwa. Vyeti vya kuzaliwa, paspoti, cheti cha ndoa, hati ya nyumba ya Unguja: asili zimo kwenye begi la ngozi chini ya kitanda chake. Nakala zipo kwa dada yake Fuoni, ndani ya kopo la biskuti. Nyengine zipo kwa ami yangu Muscat. Desturi hii ameirithi. Mwaka 1964 watu wengi walitoka Unguja na kile walichoweza kubeba mkononi, na katika ukoo wetu wapo waliokaa miaka wakithibitisha wao ni nani, kwa sababu karatasi ilibaki kwenye kabati. Bibi akamwambia mamaangu, mamaangu akatwambia sie: karatasi moja si karatasi.

Na hapa ndo panaponigusa mie mwenyewe. Watu wakishauri "ziweke faili zako nyumbani", wanachukulia kwamba kila mtu ana nyumba isiyohama. Mie nimezaliwa Dubai, nimesoma Dubai, nafanya kazi Dubai. Ukaazi wangu umefungwa na kazi yangu na unahuishwa kila baada ya miaka miwili. Kazi ikisimama, siku zangu huku zinaanza kuhesabiwa. Mnaosikiliza kutoka Ghuba hamhitaji kuelezwa. Ile mashine juu ya kabati ipo hapa kama nilivyo mie: ipo, lakini kwa ruhusa. Siku nikiambiwa nifunge mizigo, wenzangu wawili hawawezi kuwa wanategemea diski iliyomo ndani ya sanduku langu kwenye uwanja wa ndege.

Lakini wingu nalo ni la ruhusa. Julai 2019 GitHub, kwa kufuata vikwazo vya Marekani, ilizuia huduma zake nyingi kwa watu waliopo Iran, Syria na Crimea. Kwa Iran ilikuja kufunguliwa tena Januari 2021. Sie wa Bur Dubai tunaishi na majirani wengi wenye asili ya Iran, kwa hiyo habari ile haikuwa ya mbali. Aliyekuwa na nakala kamili ya Git kwenye mashine yake, kazi yake ilikuwa mkononi. Aliyekuwa na kivinjari tu, alibaki anatazama mlango.

Halafu kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Emirati ina Sheria ya Shirikisho namba 45 ya 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sisi tunagusa nchi zote tatu, na dawa anayonunua mtu ni siri yake. Kwa hiyo hifadhidata yoyote ya kujaribia inasafishwa kabla haijasafiri: majina ya kubuni, namba za simu za kubuni. Hilo halina mjadala, ziwe kwenye wingu au chini ya kitanda.

Tulichoamua

Msimbo uko kwenye Git, kila mmoja wetu ana nakala nzima.

Vile vizito vinakwenda kwa Syncthing, na wapokezi sasa ni wawili: mmoja juu ya kabati langu, mwengine nyumbani kwa mwenzetu Mombasa. Mmoja akizimika, mwengine yupo.

Mara moja kwa wiki nakala nzima inafungwa kwa siri na kupandishwa kwenye wingu. Inafungwa kwetu kabla ya kuondoka, kwa hiyo kampuni inashika mzigo lakini haiwezi kuusoma. Watu wawili tuna ufunguo, na malipo yanatoka kwenye hela ya mradi, si kadi ya mtu mmoja. Hili msilipuuze: akaunti ikiwa ya mtu mmoja, wengine wote ni wapangaji wake.

Kwa ile mashine mpya ya mtoto wa khalati, hatukushusha gigabaiti 40 kwa bando. Desemba mamaangu alikwenda Unguja kumtazama dada yake. Nikampa diski, nimeifunga kwa neno la siri, akaitia kwenye mkoba pamoja na halua na dawa za presha. Aliuliza mara mbili kama haitaharibika ikipita kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Kutoka mlango wangu mpaka Fuoni diski ilifika upesi kuliko ambavyo simu ingeishusha. Kijana alipomaliza kunakili akauliza airudishe vipi. Khalati akaichukua, akaitia kwenye kopo la biskuti.

Sasa anazungumza mchana kwenye vikao vyetu, tena anatukatiza.

Kwa nyinyi mnaouliza. Kama uko peke yako, una laptopu mbili na intaneti nzuri, wingu lolote la kuaminika litakutosha, ila uwe na diski moja ya akiba pembeni. Kama wote mko nyumba moja au ofisi moja na mnabeba video nzito, sawazisheni wenyewe, mtaokoa muda na hela. Kama mko nchi mbili tatu, kama sisi, mtahitaji vyote viwili, na msione haya. Msimbo wenu uwe kwenye Git kwa hali yoyote.

Na mnapokaa kuchagua, msianze na bei ya usajili wala na orodha ya sifa. Anzeni na yule mwenye bando dogo kuliko nyote, mumuulize yeye kwanza. Chombo kikimfaa yeye, nyinyi wengine hamtapata tabu.